Mnara wa watu ukiporomoka, wa kulaumiwa ni nani?

Na Mwandishi Wetu

Mtu akikwambia kwamba kushangilia mpira ni kazi inayovunja mifupa, huenda ukamcheka. Mimi pia ningalicheka kama nisingaliyaona niliyoyaona Majengo, mjini Nyeri, katika likizo ya Agosti, na kama nisingalipatwa na yaliyonipata nikiwa mtoto katika mtaa huohuo.

Karibu kila mji unaouzunguka Mlima Kenya una Majengo yake. Nanyuki iko, Meru iko, Embu iko. Ni mitaa iliyokaliwa tangu zama za ukoloni na mafundi, wachuuzi, askari wastaafu na watumishi, watu waliotoka pembe mbalimbali wakakutanishwa na Kiswahili. Majengo yetu ya Nyeri haina makuu. Ina msikiti wake, vibanda vyake vya mahamri na viazi, na vijana wake ambao mchezo kwao ni kama chakula.

Ilikuwa Jumamosi, alasiri. Nilikuwa nimetoka kumjulia hali ndugu yangu niliposikia filimbi na ngoma upande wa uwanja. Nikakata kona. Vijana wapatao ishirini, wavulana kwa wasichana, walikuwa wakifanya mazoezi ya kuishangilia timu ya mtaa. Katika mashindano yao ya likizo hutolewa zawadi mbili: moja ni ya timu iliyoshinda, na nyingine ni ya kikundi cha washangiliaji waliopendeza kuliko wote. Zamani kushangilia kulikuwa kuimba na kupiga makofi tu. Sasa kuna kupinduka hewani, kubebana mabegani, na kujenga mnara wa watu.

Wanne walipiga magoti na kushika ardhi kwa mikono. Watatu wakapanda juu ya migongo yao, na wawili juu ya hao watatu. Kisha msichana mmoja mwembamba, ambaye sidhani alikuwa amefika miaka kumi na mitatu, akapanda kama anayepanda ngazi, akasimama juu kabisa na kunyoosha mikono. Watoto waliokuwa wakitazama wakapiga kelele za furaha.

Mara mnara ukayumba. Yule msichana hakungoja. Aliruka, akatua kwa miguu miwili, akapiga magoti, akainuka akicheka huku anachechemea. Filimbi ikalia tena.

"Panda!"

Hapo nilihisi mkono wangu wa kushoto ukiniuma, ingawa ni zaidi ya miaka arobaini tangu mkono huo uvunjike.

Nilimwendea mwalimu wao, kijana mstaarabu mwenye misuli, aliyewahi kucheza sarakasi katika hoteli za pwani. Nilikuwa nimeona magodoro mawili makuukuu pembeni mwa uwanja, yamekaliwa na watoto wadogo. Nikamwuliza kwa nini hayakutandikwa palipojengwa mnara.

"Mzee," alinijibu kwa heshima, "siku ya mashindano hakuna godoro. Nikiwazoesha godoro, siku hiyo wataogopa. Na tena, waamuzi hawatoi alama kwa godoro. Wanatoa kwa urefu."

Maneno hayo ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu.

MWAKA WA MAHINDI YA MANJANO

Wakenya wa rika langu wanaukumbuka mwaka wa 1984. Mvua ya masika haikunyesha, mashamba yakakauka, na serikali ikalazimika kuagiza chakula kutoka ng'ambo. Yakaja mahindi ya manjano. Tulikula ugali wa rangi ambayo hatukuizoea, na mara nyingine hata huo haukutosha.

Mimi nilikuwa darasa la sita. Shule yetu ilikuwa na kikundi cha mazoezi ya viungo, na kila mwaka shule kadhaa zilishindana. Kikundi kilichoshinda kilipewa heshima ya kucheza mbele ya wakubwa katika sherehe za Siku ya Kenyatta, tarehe 20 Oktoba, sikukuu ambayo tangu Katiba ya 2010 huitwa Siku ya Mashujaa. Msomaji aliyesoma shule za wakati ule hahitaji kuelezwa heshima hiyo ilikuwa na maana gani kwa mwalimu.

Tulikuwa tumejifunza mnara wa ngazi tatu, na tuliuweza. Wiki tatu kabla ya mashindano mwalimu wetu akapata habari kwamba shule nyingine nayo ina mnara wa ngazi tatu. Asubuhi yake akatuambia, "Sisi tutajenga nne."

Kwa kuwa nilikuwa mnene kidogo niliwekwa chini, wa pili kutoka kushoto. Rafiki yangu mpenzi, aliyekuwa mwepesi na hodari wa kupanda miti, aliwekwa juu. Tulifanya mazoezi kwenye nyasi, bila godoro wala mtu wa kudaka. Tulianguka mara nyingi, tukajipangusa, tukapanda tena. Aliyelalamika aliambiwa kwamba si mwanamume.

Siku ya mashindano tuliamka alfajiri tukanywa chai ya rangi, tukaenda kwa miguu. Wenzetu wa Nyeri wanaijua baridi ya asubuhi inayoteremka kutoka mlimani. Tulisimama na fulana na kaptura tukimngojea mgeni wa heshima, ambaye alichelewa. Zamu yetu ilipofika ilikuwa saa nane, na tangu ile chai hatukuwa tumetia kitu kinywani. Uwanja nao haukuwa na nyasi. Ulikuwa wa changarawe.

Nilipopiga magoti nilihisi kijiwe chini ya goti langu la kulia. Sikuthubutu kukiondoa, kwa maana ngoma ilikuwa imekwisha anza. Wakapanda watatu, wakapanda wawili. Nilihisi rafiki yangu akinikanyaga begani akipita kwenda juu. Watu wakashangilia. Mwalimu alikuwa ametuambia tuhesabu mpaka kumi kabla ya kushuka. Nilipofika sita, goti langu likasogea.

Lilisogea kidogo tu, labda upana wa vidole viwili. Lakini mgongo wangu ulilala upande, na aliyekuwa juu yangu akateleza, na wengine wote wakamfuata. Nilisikia mlio kama wa bua kavu la mhindi likivunjwa. Nilidhani ni mkono wangu, kwa sababu ulikuwa umevunjika kwenye kifundo. Kumbe mlio niliousikia ulikuwa wa rafiki yangu. Alikuwa ameanguka kinyumenyume, akautanguliza mkono wa kulia, nao ukavunjika penye kiwiko. Kisha kichwa kikapiga changarawe.

Hakuamka upesi. Watu walimjia mbio, wakamshika huyu mguu, huyu kwapa, wakamtupia nyuma ya gari la mizigo. Wote walikuwa na nia njema. Hakuna hata mmoja aliyejua kwamba mtu aliyeangukia kichwa haguswi hivyo, na kwamba kama pingili za shingo yake zingekuwa zimevunjika, wale waliombeba kwa huruma ndio wangalimlemaza.

Mwenyezi Mungu alimwepusha na hilo. Lakini plasta ilipofunguliwa mkono ulikuwa umejikunja, na mpaka leo haunyooki.

Jioni ile mwalimu aliwaambia wazazi, "Mtoto alipata kizunguzungu kule juu." Nilikuwapo, mkono nimeufunga kwa leso ya mama, na nilisikia. Nikanyamaza. Mtaa mzima ukaamini. Watoto wakampa jina la Kizunguzungu, likamganda. Kwa miaka mingi nimeishi nikijua kwamba aliyekuwa juu hakuwa na kosa lolote. Mnara ulivunjika chini, penye goti langu, na mimi sikusema.

HESABU YA MGONGO

Siku hizi nina umri wa kutosha kuuliza swali ambalo mtoto hakuweza kuliuliza: je, goti lile lilikuwa na kosa?

Tufanye hesabu, msomaji, kwa kalamu na karatasi. Tuseme kila mtoto ana uzito wa kilo 40. Yule wa juu kabisa huwagawia wawili walio chini yake uzito wake, nusu kwa nusu. Nao huwagawia wale watatu uzito wao pamoja na ule waliopokea, na kuendelea hivyo mpaka ardhini. Katika mnara wa ngazi tatu, mtoto wa chini aliye katikati hubeba kilo 60. Ukiongeza ngazi moja tu, wale wawili wa chini walio katikati hubeba kilo 85 kila mmoja, na wale wa pembeni hubeba kilo 35.

Kilo 85! Gunia la mahindi ni kilo 90. Mimi mtoto wa kilo 40, niliyekunywa chai ya rangi alfajiri, nilikuwa nimetwikwa karibu gunia zima mgongoni, goti langu likiwa juu ya kijiwe, nikaamriwa nihesabu mpaka kumi.

Sasa mtazame yule wa juu. Nyayo zake ziko kama mita 2 kutoka chini. Akiteleza hufika ardhini kwa muda wa theluthi mbili hivi za sekunde, na mwendo wake anapogonga ni kama kilomita 22 kwa saa. Hata "Bismillahi" haikamiliki kinywani. Kwa hiyo wanaosema kwamba mtoto hodari "atajidaka mwenyewe" hawajapiga hesabu. Na kwa kuwa mwanadamu anapoanguka hutanguliza mikono, mifupa ya mkono, kiwiko na mtulinga ndiyo huvunjika mara nyingi. Asipowahi kutanguliza mikono, hutangulia kichwa na shingo.

Tena tukumbuke kwamba anayeanguka huwaangukia wenzake. Aliye chini hupigwa goti mbavuni au kisigino usoni. Yeye haonekani, kwa hiyo hata maumivu yake huulizwa mwisho.

WENZETU WA MBALI NA WA KARIBU

Mambo haya hayakuanzia Majengo. Huko Marekani kushangilia michezo kwa mpango kulianza katika Chuo Kikuu cha Minnesota mwaka wa 1898, mwanafunzi mmoja alipojitokeza mbele ya watazamaji wa kandanda ya Kimarekani akawaongoza kupiga kelele kwa pamoja. Kutoka kelele kukawa na nyimbo, kutoka nyimbo kukawa na kurushana hewani na kujenga minara, na mwishowe kushangilia kwenyewe kukawa mashindano. Mnamo 2021 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilikitambua rasmi chama cha kimataifa cha mchezo huo.

Lakini angalia gharama yake. Kituo kimoja cha utafiti katika Chuo Kikuu cha North Carolina kimekuwa kikiandika majeraha makubwa ya michezo ya wanafunzi tangu 1982. Kumbukumbu zake za miaka 25, mpaka 2007, zilionyesha kwamba karibu theluthi mbili ya majeraha mabaya kabisa waliyoyapata wasichana wa shule za sekondari michezoni yalitokana na kushangilia. Si mbio, si mpira wa kikapu, bali kushangilia.

Mwezi wa Machi 2006, msichana mmoja wa Chuo Kikuu cha Southern Illinois alianguka kutoka juu ya mnara wakati wa mapumziko mafupi katika mchezo wa mpira wa kikapu mjini St. Louis. Alipata mtikisiko wa ubongo na ufa katika pingili ya shingo. Alipokuwa akitolewa kwenye machela, shingo imefungwa, bendi ilipiga wimbo wa chuo chake, naye akaufuata kwa kuinua mikono akiwa amelala vilevile. Uwanja mzima ukamshangilia.

Wengi walimsifu kwa ushujaa, na sina neno juu ya ushujaa wake. Ila nawastahi zaidi wale ambao hawakuishia kupiga makofi. Mwaka huohuo wasimamizi wa mchezo walikataza kumrusha mtu juu kwenye sakafu tupu ya uwanja wa kikapu bila magodoro. Watafiti walipoyapitia majeraha ya miaka iliyofuata waliona kwamba yale mabaya yaliyotokana na kurushana yamepungua. Waliona pia kwamba mengi ya majeraha mabaya hutokea mazoezini, siku ambapo hakuna mtazamaji wala daktari.

Japani nako, shule nyingi zilikuwa na desturi ya kujenga minara ya watoto katika siku ya michezo. Mwezi wa Septemba 2015, katika mji wa Yao ulio jimbo la Osaka, wavulana wa shule walijaribu mnara wa ngazi 10. Ukaporomoka, na mmoja wao akavunjika mkono. Video yake ilionekana nchi nzima, na wazazi wakagundua kwamba watoto walioumia katika mazoezi ya namna hiyo huhesabiwa kwa maelfu kila mwaka. Mwaka wa 2016 halmashauri ya elimu ya jiji la Osaka iliikataza minara hiyo katika shule zake.

Wakatalani wa Hispania wao hawakuiacha. Minara yao ya watu ni utamaduni wa zaidi ya karne mbili, na mwaka wa 2010 UNESCO iliuorodhesha miongoni mwa urithi wa wanadamu. Lakini mtoto mmoja alipofariki baada ya kuanguka mwaka wa 2006, watoto wanaopanda juu walianza kuvishwa helmeti. Isitoshe, chini ya mnara wao husongamana umati wa watu, wamekazana kifua kwa mgongo, ili kuwategemeza wabebaji na pia kumpokea anayeanguka. Kwa Mkatalani, godoro ni watu wenyewe, na kila aliye katika umati ule huhesabiwa kuwa amejenga mnara.

Hata hapa Afrika Mashariki ujuzi haujakosekana. Katika miaka ya 1960 Tanzania ilipeleka vijana China kujifunza sarakasi, na waliporejea kikaundwa kikundi cha taifa mwaka wa 1969. Baadaye fani hiyo ikafundishwa katika Chuo cha Sanaa Bagamoyo, kilichoanzishwa mwaka wa 1981. Kwetu Kenya, waliofika Bomas jijini Nairobi wameshuhudia wanasarakasi wakifunga maonyesho, na tangu 2001 shirika la Sarakasi limewafunza vijana wengi wa mitaa ya Nairobi, baadhi yao wakaenda kuchezea ng'ambo. Ukiwatazama watu hao utadhani hawajui woga. Ukweli ni kwamba mwanasarakasi aliyefunzwa vizuri hufundishwa kuanguka kabla ya kufundishwa kupanda. Hujifunza kukunja mwili, kubingiria, kumdaka mwenzake, na kubomoa mnara kwa mpango, kuanzia juu kuja chini.

Wahenga walisema, mpanda ngazi hushuka. Hawakusema atashuka vipi. Hilo ni juu ya mwalimu.

NILIPOMWENDEA FUNDI

Jumapili iliyofuata nilikwenda kwa rafiki yangu. Ni fundi cherehani, na kibanda chake kina wateja. Mkono wa kulia uliojikunja hukishikilia kitambaa kama jiwe linavyoshikilia karatasi, na wa kushoto hufanya kazi yote. Wapo wazee ambao hata leo humwita Kizunguzungu, naye huitika.

Nilikaa juu ya benchi, nikanywa chai yake, nikazungumza habari za mvua na bei ya unga. Kisha nikamwambia. Nilimwambia habari za kijiwe, za goti, za kuhesabu mpaka sita, na za jioni ile niliponyamaza.

Hakusimamisha cherehani. Alimaliza mshono aliokuwa nao, akakata uzi kwa meno.

"Nilijua," akasema. "Mtu aliye juu huhisi kila kitu. Nilihisi upande wako ukizama."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema nini? Wewe ulikuwa na njaa, na mimi nilikuwa na njaa. Sote kumi tulikuwa na njaa. Aliyesema ngazi nne ndiye aliyekuwa ameshiba."

Baada ya hapo aliniomba nimpishe, maana nilikuwa nimekalia suruali ya mtu.

Nimeyafikiria sana maneno hayo. Watu husema ajali haina kinga. Iko ajali isiyo na kinga, sikatai. Lakini mnara wa watoto haujengwi na kudura. Kuna mtu anayeamua uwe na ngazi ngapi. Kuna mtu anayechagua changarawe badala ya nyasi. Kuna mwamuzi aliyeandika katika karatasi yake kwamba urefu una alama, na hakuandika kwamba kushuka salama kuna alama. Watoto hufuata alama kama maji yanavyofuata mteremko. Wakivunjika, tunamwangalia aliyeanguka na kumtafutia kizunguzungu.

YANAYOWEZEKANA

Sisemi mchezo huu ukatazwe. Nilimwona yule msichana alipokuwa juu, mikono ameinyoosha, na uso wake haukuwa uso wa mtu wa kuhurumiwa. Mtaa usio na kiwanja cha maana wala ukumbi una haki ya kufurahi. Lakini yako mambo ambayo hayahitaji fedha nyingi.

Kwanza, waandalizi wa mashindano waweke kikomo cha ngazi, na alama zitolewe kwa mpango, kwa nyimbo, kwa ubunifu na kwa kushuka vizuri. Hilo halina gharama hata senti moja. Urefu ukikosa alama, hakuna mwalimu atakayeutafuta.

Pili, pawepo na wadakaji, watu wazima au vijana wenye nguvu, mbele, nyuma na pande zote mbili, ambao kazi yao ni kutazama juu tu. Asiwepo mdakaji anayepiga ngoma.

Tatu, kila aliye katika mnara, hasa wa chini, awe na ruhusa ya kusema "shuka" wakati wowote, na akisema hivyo mnara ubomolewe bila maswali na bila kudhihakiwa. Mwaka wa 1984 kama ningalikuwa na neno hilo, ningalilitumia nilipokihisi kile kijiwe.

Nne, mtoto mwenye njaa, mwenye homa au aliyekwisha kuteguka asipande wala asibebe. Anayechechemea huambiwa "kaa," haambiwi "panda."

Tano, mtu akiangukia kichwa au mgongo, asiinuliwe. Mmoja amshike kichwa kwa mikono miwili, akitulize kama kilivyo, wengine wamfunike asipate baridi na kuita wenye ujuzi wa huduma ya kwanza na machela. Akisema hahisi miguu, au akilala usingizi usio wa kawaida, au akitapika, hilo si jambo la kupakwa mafuta na kukandwa. Tunao wazee wanaojua kuunga mifupa, na wamewasaidia wengi. Lakini shingo na ubongo havikandwi, na mzee mwenye hekima huwa wa kwanza kumpeleka mgonjwa hospitali.

NGAZI TATU

Nilirudi uwanjani siku ya Jumatano pamoja na yule fundi. Sikumwomba aje, alifunga kibanda mwenyewe akanifuata. Hakutoa hotuba. Alimwonyesha mwalimu kijana mkono wake, akamwambia aujaribu kuunyoosha. Kijana akaujaribu kwa adabu, akaachia. Kisha nikachora hesabu yangu chini kwa kijiti: 35, 85, 85, 35. Vijana wakakusanyika. Mvulana mmoja mnene, wa pili kutoka kushoto, aliitazama ile 85 kwa muda mrefu.

"Ndiyo maana," akasema polepole.

Kabla ya wiki kwisha fundi alikuwa ameshona magunia kumi na mawili yakawa mfuko mmoja mpana, na vijana wakaujaza nyasi kavu na vipande vya sponji walivyookota kwa watengeneza viti. Mwalimu wao akapunguza mnara ukawa wa ngazi tatu. Aliniambia bila kuficha kwamba anafanya hivyo shingo upande, kwa kuwa anaijua karatasi ya waamuzi.

Alikuwa kweli. Siku ya mashindano kikundi cha Majengo kiliimba vizuri kuliko vyote, kikajenga mnara wake, na yule msichana akashuka kwa kubingiria kama aliyefunzwa miaka mingi. Walipata nafasi ya tatu. Kombe lilikwenda kwa mtaa mwingine, uliojenga ngazi tano kwenye uwanja mtupu.

Nashukuru Mungu kwamba watoto wale hawakuanguka. Lakini usiku ule, nikiwa kitandani, nilijikuta nafanya tena hesabu. Katika mnara wa ngazi tano, mtoto wa chini aliye katikati hubeba kilo 125. Nilimwona uso wake, maana nilikuwa nimesimama karibu. Midomo yake ilikuwa ikichezacheza. Watu waliokuwa kando yangu walisema anaomba dua.

Mimi nilijua kwamba alikuwa akihesabu mpaka kumi.